Kufuli Tatu na Kidole Kimoja

Karibu kila mwenye simu jijini Dar es Salaam amewahi kupokea ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Aliyeutuma hakujui wewe, hajui kama kuna hela yoyote unayodaiwa, wala hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba katika jiji hili, saa yoyote ya mchana, maelfu ya watu wako mbioni kumtumia mtu pesa: mpangaji anamtumia mwenye nyumba kodi, dada anatuma ada ya mdogo wake, fundi anamlipa muuza mbao wa Buguruni anayekataa kupakia mzigo kabla pesa haijaingia. Kati ya hao hatakosekana mmoja ambaye ujumbe utamkuta simu iko mkononi na haraka iko moyoni. Kinachostahili kutazamwa zaidi ni kile kipande cha mwisho. Huduma za pesa kwa simu huonyesha jina la mpokeaji kabla mtumaji hajaweka namba ya siri, ili apate nafasi ya kushtuka akiona jina asilolitarajia. Tapeli anaijua nafasi hiyo vizuri, na ameiziba mapema kwa maneno manne.

Nimeanza na utapeli kwa sababu unafichua jambo ambalo mawaidha yetu ya kila siku kuhusu hasira, pupa na hofu hulipita. Tumezoea kusema kwamba aliyetapeliwa ni mjinga, aliyefoka ana hulka mbaya, na aliyekopa bila kusoma masharti ameponzwa na tamaa. Maelezo hayo hulitia tatizo lote ndani ya mtu na kuishia hapo, kana kwamba dawa iliyobaki ni kumwambia awe na subira. Ninavyoona mimi, uamuzi wa kujutia hutofautiana na uamuzi wa kawaida hasa kwa urefu wa nafasi iliyopo kati ya kuguswa na kutenda. Nafasi hiyo haina budi kupangwa mapema, kwa maana mtu akishapandwa na hasira au kuingiwa na hofu hana tena utulivu wa kuipanga. Na biashara nyingi zinazostawi katika simu zetu leo zinaishi kwa kuifupisha.

Upo utapeli wa pili ambao ni mkatili zaidi. Mama yuko dukani kwake Kariakoo, wateja wamesimama, simu inaita kwa namba ngeni. "Mama, mimi mwalimu wa zamu. Mwanao ameanguka hapa shule, tumemkimbiza hospitali, daktari anataka hela ya vipimo sasa hivi." Wakati mwingine sauti ya mtoto anayelia husikika kwa mbali. Mama huyo ndiye yule yule anayeweza kumkatalia msambazaji wa vitenge nyongeza ya shilingi mia mbili kwa kila doti, akabishana naye saa nzima bila kupepesa. Hapa anatuma pesa ndani ya dakika mbili, na baadaye tu ndipo anakumbuka kwamba hakuuliza hata jina la mwalimu. Joseph LeDoux, mtafiti wa ubongo wa New York, alionyesha kwa majaribio ya panya kwamba ishara ya hatari huweza kuifikia sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala kwa njia ya mkato, kabla sehemu zinazochambua jambo kwa undani hazijamaliza kazi yake. Baadaye yeye mwenyewe alisisitiza kwamba kinachotangulia hapo ni mwitikio wa mwili dhidi ya tishio, na kwamba hofu tunayoijua moyoni ni habari nyingine. Kwa mama wa Kariakoo tofauti hiyo ya kitaaluma haibadilishi kitu: mwili umeshaondoka, na akili inaufuata nyuma.

Hata hivyo, wanaohubiri kwamba uamuzi mzuri ni ule usio na hisia kabisa wanapotosha. Antonio Damasio, mtaalamu wa ubongo mzaliwa wa Ureno aliyefanya kazi kwa miaka mingi huko Iowa, Marekani, alieleza habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ambao hesabu, lugha na kumbukumbu zao zilibaki nzima ilhali hisia zao zilipoa. Mmoja wao aliombwa achague moja kati ya tarehe mbili za kurudi kliniki. Alikaa karibu nusu saa akipima tarehe moja baada ya nyingine, akitaja miadi yake mingine na hata hali ya hewa itakavyokuwa, bila kufika popote, mpaka daktari alipomchagulia. Mama lishe anayemtazama mteja mara moja na kumdai pesa kabla ya kumpakulia anatumia hisia, na hisia yake ni uzoefu wa miaka uliojikusanya katika mtazamo mmoja. Hisia ya namna hiyo imejifunza kazini, kwa kupatia na kukosea mara nyingi. Ile iliyopandikizwa na mtu mwingine dakika moja iliyopita, kwa faida yake, haijajifunza lolote kuhusu maisha yako.

Tatizo la pili la mawaidha ya subira ni kwamba hudhani kusubiri kuna faida siku zote. Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alijulikana duniani kwa jaribio alilolianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ambapo mtoto huwekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa kwamba akingoja bila kukila atapewa viwili. Ufuatiliaji wa baadaye ulionekana kuonyesha kwamba waliongoja walifanya vizuri zaidi shuleni, na wahamasishaji wakalichukua jambo hilo na kulihubiri kila jukwaa. Mwaka 2018, Tyler Watts na wenzake walilipima upya kwa watoto zaidi ya 900 na kukuta uhusiano huo ni karibu nusu ya ule wa awali, na kwamba ulipungua sana hali ya familia ilipozingatiwa. Kabla yao, mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walikuwa wamefanya jambo rahisi zaidi. Waliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea. Kundi moja wakaletewa, kundi la pili wakaombwa radhi kwamba havipo. Jaribio la kitamu lilipofuata, waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12, na waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3.

Atakayesimama asubuhi kwenye kituo cha daladala ataielewa tafiti hiyo bila kuisoma. Mwanafunzi aliyevaa sare anayepenya chini ya mikono ya watu wazima ili aingie mlangoni hasukumwi na ukosefu wa adabu pekee. Amejifunza kwamba konda wa gari lijalo huenda akawakataa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo, na kwamba mwalimu wa zamu hatasikiliza maelezo. Anayejaza kila ndoo na kila sufuria bomba linapotoa maji naye anafanya hesabu ile ile. Mji usiotimiza ahadi zake huwafundisha watu kunyakua, kisha wenye magari na matangi ya maji huwasema kwamba hawana subira. Ugumu unaanza pale ambapo mazoea hayo ya kunyakua, yanayofaa kituoni, yanahamia mahali yanapoangamiza.

Mahali pamojawapo ni mkopo wa simu. Dereva wa bodaboda aliye kwenye mkataba anadaiwa kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku, iwe amepata abiria au amekaa kijiweni mvua ikinyesha. Inapofika saa moja jioni na hesabu haijatimia, kinachomkaa kichwani ni sura ya bosi wake na uwezekano wa kunyang'anywa pikipiki. Wakati huo huo simu iliyo mfukoni inaweza kumpa elfu ishirini kabla hajamaliza kahawa. Masharti yapo, yameandikwa, na hakuna anayemzuia kuyasoma. Ila yamewekwa mahali ambapo mtu mwenye hofu hatazami, na kitufe cha kukubali kimewekwa mahali anapotazama. Mikopo ya aina hii mitaani inaitwa kausha damu, na jina hilo halikutungwa na wanazuoni. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakiendeshwa bila leseni, baada ya malalamiko mengi yakiwemo ya wakopaji kudhalilishwa kwa ujumbe uliotumwa kwa watu walio katika orodha ya majina ya simu zao. Mbinu hiyo ya kudai ilitumia hisia nyingine, yaani aibu, kumfanya mtu akope kwingine ili alipe hapa. Kamari ya mpira inafuata njia hiyo hiyo na sitakawia nayo: mkeka, yaani orodha ya mechi alizobashiri mtu, ukichanika dakika ya mwisho, anayesuka mwingine usiku ule ule anataka kurudisha alichopoteza, na hesabu za uwezekano haziko naye.

Turudi kwenye hasira, ambayo kwayo tuna mashauri mawili yanayopingana. La kwanza ni kumezea. La pili ni kutoa dukuduku, kumpa mtu vidonge vyake ili roho itulie. Tafiti hazimpi nafuu mfuasi wa shauri lolote kati ya hayo. James Gross wa Stanford na wenzake wamechunguza kwa muda mrefu tofauti kati ya kuficha hisia usoni na kulitazama jambo upya kabla hisia haijakomaa, na wameona kwamba anayejikaza kuficha huendelea kuumia ndani, tena hukumbuka vibaya zaidi yale yaliyosemwa wakati akijikaza. Jambo la hatari kwa mtumishi anayesemwa na mkuu wake mbele ya kikao na ambaye kesho yake atatakiwa kutekeleza maagizo aliyoyasikia nusunusu. Kwa upande wa pili, Brad Bushman alichapisha mwaka 2002 matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi waliokasirishwa walipewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewakasirisha. Walitoka na hasira zaidi kuliko wenzao waliokaa kimya bila kufanya lolote.

Jukwaa letu la ndondi siku hizi ni status ya WhatsApp. Mtu anakwaruzana na wifi yake saa tatu, saa tatu na dakika tano ameshaweka fumbo ambalo ukoo mzima unalifumbua, na kabla ya saa nne mashangazi wameanza kupigiana simu. Vijembe si jambo geni katika pwani hii. Lakini kijembe kilipokuwa cha kanga, aliyechukizwa alilazimika kwenda dukani, kupekua majina, kulipa, na kuingoja siku ambayo mlengwa atakuwepo shughulini ili aione. Wengi nahisi walirudi nyumbani na kanga yenye jina la upole. (Wengine walirudi na jina kali kuliko walilolikusudia, lakini hao angalau walikuwa wamefikiri.)

Kulitazama jambo upya kunahitaji maelezo, kwa kuwa kunaweza kueleweka kama kumsamehe kila anayekukosea. Chukua daladala ya kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Abiria ametoa noti ya elfu moja, tuseme nauli ni shilingi 600, na konda amemwambia, "Anti, chenji utapata, tulia." Vituo viwili vinapita, konda anamwangalia kila mtu isipokuwa yeye. Kuna namna mbili za kuisoma hali hiyo: kwamba ameshamdhulumu, au kwamba hana sarafu mpaka wengine walipe. Zote zinawezekana, na wapo makonda wanaotegemea abiria asahau. Anayeshika namna ya kwanza tangu kituo cha kwanza atafika Mtoni kwa Azizi Ally akiwa ameshatukana na kutukanwa, na mia nne yake bado haijatoka. Anayeacha nafasi kwa namna ya pili bado anaidai pesa yake, kwa sauti ya kawaida na mapema: "Kaka, nashuka Mtoni, mia nne yangu." Haki yake haijapungua hata senti moja, kilichopungua ni gharama ya kuidai.

Lakini hata hilo linahitaji sekunde chache za utulivu, na ndiyo maana ninarudi kwenye mipango iliyofanywa kabla. Jamii zetu ziliielewa kazi hiyo zamani. Posa haipelekwi na anayetaka kuoa. Hupelekwa na mshenga, ambaye huyachukua maneno ya upande mmoja na kuyafikisha upande wa pili yakiwa yamepoa, na mahari ikitajwa kubwa mno, anayeguna ni mtu asiye na cha kupoteza. Katika Uislamu, talaka rejea huacha kipindi cha kungoja kiitwacho idda, ambamo mume anaweza kumrejea mkewe, na Mtume amepokewa akikataza kadhi kuhukumu kati ya watu wawili akiwa na hasira. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 101, haimruhusu mtu kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapitia kwenye baraza la usuluhishi na baraza kushindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Hata Kanuni ya Adhabu, katika kosa kubwa kuliko yote, inapima muda: aliyeua kwa ghadhabu ya kuchokozwa ghafla, kabla ghadhabu hiyo haijapata muda wa kupoa, huhesabiwa ameua bila kukusudia, naye huepuka adhabu ya kifo ambayo ingemkabili kwa kosa la mauaji. Sheria haikudhani kwamba binadamu hukasirika kwa hiari yake, ila imedhani kwamba hasira ina mwisho.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na vinavyofanana navyo. Katika vikundi vingi sanduku la pesa lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, wasiokuwa na ruhusa ya kukaa na sanduku lenyewe. Siku ya kikao watatu hao husogea mbele, kila mmoja hufungua ya kwake, pesa huhesabiwa kwa sauti, na anayetaka mkopo husimama na kusema anataka wa nini mbele ya watu wanaomjua yeye, mumewe na biashara yake. Watu husema kwamba kufuli tatu ni za kuzuia wizi, na ni kweli, ila zinazuia pia jambo jingine: hakuna mwanachama anayeweza kuamka saa saba usiku na wazo lake akalitekeleza kwa pesa ya kikundi kabla ya siku ya kikao. Wachumi Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walipowapa wateja wa benki moja nchini Ufilipino nafasi ya kufungua akaunti ambayo wao wenyewe wasingeweza kuigusa mpaka lengo au tarehe waliyoichagua ifike, asilimia 28 waliikubali, ingawa haikuwa na riba ya ziada. Watu hao walilipia, kwa uhuru wao, haki ya kujizuia, kama wanavyofanya wanawake wa Tandale wanaompa kijumbe wa mchezo wa upatu pesa ambayo wangeweza kuiweka chini ya godoro.

Kwa mtu mmoja mmoja, mpango wa aina hii hauhitaji kikundi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba kuamua mapema kwa muundo wa "likitokea hili, nitafanya lile" husaidia zaidi kuliko kuazimia kwa jumla kwamba utakuwa mwangalifu. Mzazi aliyekwisha kukubaliana na mwenzake kwamba simu yoyote ya ajali ya mtoto itakatwa, kisha atapigiwa mwalimu wa darasa kwa namba iliyohifadhiwa tangu mwanzo wa muhula, hahitaji ushujaa siku simu ikiita. Namba ya tapeli anaweza kuituma baadaye kwenda 15040, iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Wapo wanaoiacha laini yenye akiba nyumbani na kutembea na nyingine ya matumizi. Inaonekana kama kujisumbua, na usumbufu huo ndio unaotafutwa.

Lakini siamini kwamba mzigo wote ni wa mtumiaji. Ikiwa sheria inaweza kuwaambia wanandoa wapite kwanza barazani, mamlaka zinaweza kuwaambia wakopeshaji wa simu kwamba mkopo wa pili kabla ya wa kwanza kulipwa, au mkopo ulioombwa usiku wa manane, utolewe asubuhi baada ya mkopaji kuulizwa tena kama bado anautaka. Pingamizi ni wazi na lina uzito: mtoto anaweza kuugua saa sita usiku, na mzazi wa Kivule asiye na akiba hana pa kugeukia isipokuwa simu yake. Kwa mzazi huyo kanuni inapaswa kuwa na mlango, kwa mfano malipo yaende moja kwa moja hospitali badala ya kupita mkononi mwa mtu. Kijana anayekopa saa hiyo hiyo ili asuke mkeka mwingine haombi mlango huo. Kumchelewesha mpaka kupambazuke kutamgharimu nini yeye, na kutamgharimu nini anayemkopesha, ni maswali ambayo wakopeshaji wenye leseni wanaweza kuyajibu kwa takwimu walizonazo, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni mikopo mingapi hutoka kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na ni mingapi kati ya hiyo hurudishwa kwa wakati.